Mama Shija, Nimekata Kanga Zako

Mama Shija,

Ni mimi. Mwandiko unaujua, herufi zangu zinalala kama ng'ombe waliochoka. Mkono huu ni wa patasi na nyundo. Lakini naandika mwenyewe, sijamwomba mtu. Kabula alitaka kunisaidia nikamkatalia, kwa sababu sehemu kubwa ya barua hii inamhusu yeye. Unakumbuka kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ulikaa mbele, mimi nyuma karibu na dirisha, na kila mwalimu akiuliza nani anajua nanyoosha mkono hata kama sijui. Ulinicheka njia nzima mpaka nyumbani. Basi leo nimenyoosha mkono tena.

Habari za hapa ni kwamba nimechoka. Miguu imekataa maji, siku hizi siingii ziwani, vijana wanausogeza mtumbwi mpaka nilipo na mimi naziba nyufa nimekaa. Daraja la Busisi limekwisha. Wewe ulivuka kwenda Sengerema kwa kivuko, jeneza ndani ya gari, mimi nimesimama pembeni nazitazama zile nguzo majini. Sasa magari yanapita juu. Kaburi lako nimelisakafia mwenyewe. Mafundi wa kule walitaka kulifanya, nikawaambia waweke miko yao chini. Halijapasuka. Ya majirani zako yamepasuka.

Ugali wangu bado ni mzuri kuliko wa wanawake wengi wa huku mwaloni kwa wavuvi. Ila hakuna mtu wa kuusema vibaya.

Sasa neno lenyewe ni mjukuu wetu Kabula. Yuko darasa la saba. Amenifika begani, na mimi siyo mfupi. Tangu mama yake aolewe kwingine unajua tulikuwa naye sisi, na Shija baba yake yuko visiwani na dagaa, anarudi mwezi ukiwaka tu, kwa maana dagaa hawafuati taa kukiwa na mbalamwezi. Kwa hiyo ulipoondoka tukabaki wawili, mimi na yeye.

Ulisema siku moja unachambua dagaa: "Huyu nitamfunda mwenyewe siku yake ikifika." Mambo hayo hayakuwa yangu. Bibi anamwita mjukuu wake wa kike, wanaingia ndani, wanatoka, kuku anachinjwa, mimi naletewa firigisi nakula, siulizi. Mabinti wetu wote walikua hivyo. Siku ya Kabula imefika na wewe hukuwepo.

Alirudi kutoka shule mapema, akajilaza, amejikunja, hataki kula. Nikasema malaria hiyo. Nikachemsha mwarobaini, sufuria nzima, chungu kama nyongo, nikamsimamia mpaka akamaliza. Kesho yake tena. Mtoto anakunywa machozi yanamtoka. Mama Tabu, yule rafiki yako, akapita na beseni lake la dagaa kichwani. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Mzee, unautesa mti wa watu bure," akasema. "Mtoto amekua huyo."

Nilisimama na kikombe mkononi. Unanijua, sipendi kukutwa sijui kitu. Nikamwambia naelewa, mwarobaini unafaa hata kwa hilo. Akacheka, akaniomba mtoto akakae kwake kidogo amwelekeze. Nikakataa. Nilikuwa bado na hasira naye kwa kuanika dagaa kwenye mchanga ninapopindulia mitumbwi. Wewe ulishasema hasira hiyo ni ya kipuuzi, lakini nilikuwa nayo. Nikamwambia mtoto huyu ana babu.

Nikaenda kuwaza. Nikasema, hiki ni kitu cha majimaji, na majimaji ndiyo kazi yangu. Kuanzia Kayenze mpaka Ukerewe, uliza ni mtumbwi gani nimeuziba mimi ukavuja. Hakuna. Pamba nachukua kwa wakulima wenyewe, naichambua kwa mkono, naisokota nene, naipigilia kati ya ubao na ubao mpaka maji yanakosa njia. Basi nikachukua pamba safi, ambayo sijaitia mafuta, nikaichambua kama vile naandaa mtumbwi wa askofu, nikaisokota, nikaifunga kwenye gazeti. Nikaiweka mlangoni kwake, nikakohoa, nikaondoka. Maelezo sikutoa. Jioni akaja akapiga magoti akasema ahsante babu. Nililala siku hiyo najiona mtu mkubwa.

Mama Shija, pamba ya mtumbwi inakaa kwa sababu imebanwa na mbao mbili. Binti hatembei amebanwa na mbao.

Mwalimu alimwita ubaoni kufanya hesabu. Hesabu aliipata, maana kichwa ni cha kwangu. Wakati anarudi kukaa pamba ikaanguka, mbele ya darasa zima. Na watoto wa mwaloni wanaijua pamba ile, wote wamekua wakicheza kwenye mitumbwi yangu. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mtumbwi wa mzee umevuja." Wakacheka mpaka darasa la jirani likasikia. Kuanzia hapo jina lake likawa Mtumbwi.

Alifika nyumbani amefunga sweta kiunoni. Akafua sketi, akaikunja ikiwa bado mbichi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Babu, shule nimemaliza."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya.

Nilimsema, nikamtisha, nikamsifia, nikamwambia mimi sikupata nafasi hiyo na angalia nilipofika. Hakuna. Asubuhi anaamka, anafagia, anachota maji, anaparua samaki, na wenzake wakipita na madaftari anaingia ndani. Wiki ikaisha. Mtihani wa kumaliza ni mwaka huu huu.

Mwezi ukawaka, Shija akarudi. Nilimweleza, akasikiliza anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu kama alivyokuwa akifanya mdogo. Simlaumu. Baba hasikii mambo ya namna hiyo kuhusu binti yake, ndivyo tulivyomlea. Mwisho akasema kuna mama lishe Buzuruga, pale stendi, anatafuta msichana wa kazi. Aende, amekua sasa. Wewe na mimi tumewaona mabinti waliokwenda hivyo hivyo kuosha vyombo vya watu, na walivyorudi. Nikamwambia hapana, shule. Akaanza kuondoka, amenipa mgongo.

"Baba, hayo mambo ya wanawake. Waachie wanawake."

Nikamwambia, "Wanawake gani? Mama yako yuko kaburini."

Akasimama. Neno hilo nilikuwa sijawahi kulitoa mdomoni. Miezi yote hii nilikuwa nasema hupo, umetangulia, umepumzika. Tulikaa pale mimi na mwanao mpaka chai ikapoa, hakuna aliyeinywa.

Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho baba hana na babu anacho. Tangu Kabula azaliwe namwita mke wangu. Wewe ulikuwa unamwita mke mwenzio, unamwambia aje amchukue mzee wake, umemchoka, anakoroma. Baba akisema jambo la aibu kwa binti ni matusi, babu akilisema ni utani, na utani hauna faini. Watu wa zamani walijua walichofanya walipotuachia huo mlango. Ila tangu ulipofariki nilikuwa nimeuacha. Nyumba ya watu wawili, mmoja akitania na mwingine amenuna, inakuwa kama unatania ukuta.

Nikamkuta nyuma ya nyumba anaparua sato. Nikavuta kigoda. Nikamwambia:

"Mke wangu, umeolewa na mjinga. Wenzako wakiumwa tumbo wanapewa chai, wewe umepewa mwarobaini. Halafu akaona haitoshi, akataka kukuziba kama mtumbwi wa Ukerewe."

Hakuinua kichwa. Kisu kikasimama. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimeharibu. Kumbe anacheka. Kicheko chako kile cha puani, Mama Shija, sijui alikichukua lini. Kikageuka kilio, kikarudi kicheko, mikono imejaa magamba hawezi hata kujifuta. Halafu akasema, "Mume gani wewe, babu. Bora ningeolewa na Mama Tabu." Nikamwambia talaka sitoi.

Ndipo nikamuuliza anataka nini ili arudi shule. Nilitegemea ataniambia zile za dukani, na nilikuwa tayari kwenda dukani, nimeshapanga hata jinsi ya kumkodolea macho mwenye duka asinicheke. Akasema, "Mlango."

Sikuelewa. Akanieleza pole pole, kama anamfundisha mtoto. Vyoo vya wasichana pale shuleni milango iling'oka zamani. Maji hakuna. Msichana aliye kwenye siku zake akitaka kubadilisha anakimbia nyumbani, na anayekaa mbali harudi tena siku hiyo. Wengine hawaji kabisa mpaka ziishe. "Hata ungeninunulia za dukani, babu, nitabadilishia wapi?"

Mimi nimezeeka kando ya shule ile. Kengele yake ndiyo saa yangu. Nilikuwa nawaona wasichana wanapita mbio kwenda nyumbani katikati ya masomo, nikisema watoto wa siku hizi watoro.

Kesho yake nilikwenda. Mwalimu mkuu aliniamkia vizuri, shikamoo mzee, marahaba, akanipa kiti. Mtu mwema, amechoka kama mimi. Akasema wameshaandika barua, wanasubiri, na kuhusu milango lazima kamati ya shule ikae. Mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Koku, binti wa Kihaya, akanipeleka nyuma kuviona vyoo. Vimejengwa vibaya, mtu yeyote anaona siyo kazi yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye huweka pedi chache kwenye droo yake, za mfukoni mwake, na zinakwisha kabla mwezi haujafika katikati. Wasichana wanaogopa kuja kuomba kwa sababu droo iko ofisini na walimu wa kiume wamekaa pale pale.

Nikarudi kwa mwalimu mkuu nikamwambia kamati ikae tu, mimi nitakuwa nimeanza. Unakumbuka zile mbao za mvule nilizoziweka darini, nikisema nitajengea mtumbwi wa mwisho wa maisha yangu, mtumbwi ambao watu watautaja? Nimezishusha. Nimetengeneza milango. Kila mmoja una komeo kwa ndani, na mbao zimebanana hakuna ufa wa kuchungulia, maana kwenye ufa mimi siyo mtu wa kubahatisha. Mwalimu mkuu aliniacha. Alileta hata misumari. Nilipomaliza mlango wa kwanza, msichana mdogo wa darasa la tano aliingia, akajifungia, akafungua, akajifungia tena, akafungua, anatutazama tu.

Sasa nifike kwenye kanga.

Mlango peke yake hautoshi, hilo hata mimi nilijua. Nikaenda kwa Mama Tabu. Ndiyo, mimi. Nikasimama katikati ya dagaa zake nikamwambia mchanga ule wote ni wake, aanike mpaka Musoma. Akasema alijua nitakuja, ila alitegemea nitakuja na mbuzi. Akaniambia wapo wanaoshona pedi za kitambaa, anajua namna yake, zinafuliwa na kurudiwa. Lakini kinatakiwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa sana, laini, cha zamani. Kipya hakinywi.

Nyumbani kwetu kitambaa cha namna hiyo kilikuwa mahali pamoja tu. Sandukuni kwako.

Unajua zilipaswa kugawiwa kwa dada zako siku ya kumaliza msiba. Walikuja, nikawaambia bado. Wakaja tena, nikawaambia funguo imepotea. Funguo ilikuwa shingoni kwangu. Nilikuwa nafungua kifuniko, nanusa, nafunga. Mtu mzima.

Mama Tabu alipoona ninachotoa akarudisha mikono nyuma. "Nguo za marehemu ni za dada zake. Mimi mkasi wangu siutii hapo." Nikamwambia atashona tu, kukata nitakata mimi. Nikachukua mkasi wa kukatia matanga ya mitumbwi. Nilianza na ile ya kahawia uliyokuwa unavaa kwenda kuuza. Halafu ya maua. Halafu ile uliyomfungia Kabula mgongoni mpaka rangi ikatoka. Nilikata nimenyoosha kama fundi, lakini ilibidi nisimame mara kwa mara, macho yangu siku hizi yanatoa maji yenyewe.

Harufu imebaki kidogo sana. Nilifikiri nikuambie.

Mama Tabu akashona, tabaka juu ya tabaka, na kishikizo cha kufungia chini ya chupi. Akamkalisha Kabula ndani, wakakaa kweli, nikawasikia wanacheka. Baadaye akatoka akanipa na mimi mafunzo, amesimama kiuno kashika. Zilowekwe maji ya baridi, zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa. Siyo kufichwa chini ya godoro zikiwa mbichi, hayo ndiyo yanayowaletea mabinti kuwashwa na maradhi. Kabula akasema ataanikaje watu wanapita. Nikamzungushia uzio wa mabua na nyavu chakavu nyuma ya nyumba, juu wazi. Jua linaingia, macho hayaingii.

Halafu nikavuka kwenda Sengerema kumwambia dada yako Nkwimba kabla hajaambiwa na watu. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, hata ya mwarobaini. Aliendelea kupukuchua. Nikaona hapa nafukuzwa na ukoo.

"Zote?" akauliza.

Nikasema imebaki moja, ile nyekundu ya harusi ya Shija.

"Hiyo ni yangu."

Nilikuwa nimeibeba ndani ya koti. Nikampa. Akaiweka mapajani akaipapasa, kisha akaniambia hajanisamehe na asidhani mtu yeyote kwamba amenisamehe. Wakati naondoka akamkamata kuku akanifungia miguu, akasema ni wa Kabula, mtoto aliyekua lazima achinjiwe. Nikarudi na kuku kwapani, ananijambia daraja zima.

Kabula amerudi shule. Siku zake zilipokuja tena nilimtazama anatoka asubuhi na kimfuko kidogo ndani ya begi, na sikuweza kufanya kazi. Nilipiga patasi kidole, mimi. Kengele ya mapumziko ikalia, wasichana wakaanza kupita, yeye hakupita. Kengele ya mwisho ikalia akaja anatembea na wenzake, polepole, wanagombana kuhusu hesabu. Mvulana akampigia kelele, Mtumbwi. Akamjibu bila kugeuka, "Mtumbwi wa babu yangu ndio uliokulisha." Nikainama nikaendelea kuziba.

Lakini usidhani mambo yamenyooka. Nimechoka, nakuambia kweli. Maji pale shuleni bado hakuna, kwa hiyo kila asubuhi napeleka madumu mimi mwenyewe kwa mkokoteni kabla jua halijakaza. Shija kabla ya kurudi visiwani alileta pipa, akaliweka nyuma ya vyoo, akaondoka. Kanga zako hazikutosha wasichana wote, zingetoshaje. Wanakuja jioni na Kabula, wanakaa na Mama Tabu kwenye mchanga wake na vitambaa vya kwao, vingine vimechoka kuliko mimi. Wapo ambao kwao hakuna hata kitambaa cha kukata. Mwalimu Koku anaandika barua Buswelu, kwa halmashauri, anangoja majibu. Na mama mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza mbele za watu mzee gani huyu anajishughulisha na damu za watoto wa watu. Nikamwambia mzee aliyeachwa na mke. Akashika njia yake, lakini maneno yake nilikwenda nayo nyumbani, nikayala na ugali.

Binti yake anakuja kwa Mama Tabu. Sikumwambia.

Kabula anasema akifaulu anataka sekondari, na huko safari ni ndefu na vyoo sijavikagua. Namtazama anasoma nje mwanga ukiwa bado upo, midomo inacheza, nasema nitakaa kidogo.

Siku ya kukuzika, walipomaliza kufukia, niliinama nikakuambia sitachelewa. Hakuna aliyesikia ila wewe. Na nilikuwa nasema kweli. Zile dawa za presha niliziacha wiki hiyo hiyo, zikakaa dirishani zinaota vumbi, Kabula akiuliza namwambia nimepona. Nilikuwa najiandaa kuja, na sikuwa na huzuni, nilikuwa na uchovu tu.

Sasa nazimeza. Nilikwenda mwenyewe zahanati nikachukua nyingine. Nameza moja asubuhi na maji ya moto, halafu nashika mkokoteni.

Kwa hiyo nitachelewa, Mama Shija. Lala upande wako, nafasi yangu iache hivyo hivyo, wasije wakazika mtu. Nakuahidi nitakuja mtoto huyu akishaweza kusimama bila mimi, siyo kabla. Nakuomba usinune.

Mimi mumeo,
Baba Shija